Simu ya mama imezungukwa na matapeli, nianze wapi?

Mkazi_wa_Langoni
Asalaam aleikum jamaa. Mama yuko Amu (Lamu), simu yake ni Android ya kawaida, laini ya Safaricom. Humo mna M-Pesa na WhatsApp ya jamaa walioko Muskat, na wajukuu huichukua kila jioni kucheza gemu. Siku hizi anapigiwa na "huduma kwa wateja" wakitaka awasomee namba zilizoingia kwenye meseji. Nina jioni moja ya kukaa naye. Nifunge nini kwanza?

FundiSimu_Maweni
Waaleikum salaam. Anza na laini, simu baadaye. WhatsApp, barua pepe na M-Pesa vyote huthibitishwa kwa namba ile ile, kwa hivyo anayeihamishia laini kwenye kadi yake amepata njia ya vyote. Ndiyo sababu matapeli huuliza kwanza, kwa adabu nyingi, namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa.

Piga *100*100# kwenye simu yake. Baada ya hapo wakala wa mtaani hawezi kuibadilisha laini. Mpaka mwenyewe aende duka la Safaricom na kitambulisho. Kwa mtu wa kisiwani kama Faza ni usumbufu, atapanda boti, ila tapeli naye hukwama hapo hapo. Kisha *106# itaonyesha namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Msiyoitambua, ripotini.

Weka na pini ya kadi ya laini. Wengi hufunga skrini tu, halafu mwizi anachomoa kadi, anaitia simu nyingine na kupokea meseji zote. Lakini tafuta PUK (namba ya kuifungua kadi pini ikikosewa) kwanza uiandike daftarini: ukikosea pini mara 3 utaombwa PUK, ukikosea PUK mara 10 kadi imekufa.

Bi_Shela
Kwenye WhatsApp: Mipangilio, Akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili. Pini ya tarakimu 6, isiwe ile ya M-Pesa, pamoja na barua pepe mtakayoweza kuifungua. Akisahau pini na barua pepe haipo, atangoja siku 7. Tazama pia vifaa vilivyounganishwa; kompyuta msiyoijua, itoeni.

Tarakimu zinazoingia kwa meseji hasomewi mtu, hata shangazi wa Muskat, kwa kuwa akaunti ya shangazi huenda ndiyo iliyotekwa jana na aandikaye si yeye. Ikitokea ya mama imetekwa, isajilini upya saa hiyo hiyo kwa namba yake. Mkishaingiza tarakimu mpya mwizi hutolewa, hata kama aliweka pini yake na nyinyi mkalazimika kungoja zile siku 7.

Na asibonyeze kitu kinachoanza na *21* au **21* akiambiwa na mpigaji. Hiyo huelekeza simu zake kwa mtu mwingine, na WhatsApp huweza kusoma tarakimu kwa kupiga simu. *#21# hukuonyesha hali, ##21# huifuta.

Mkazi_wa_Langoni
Ahsanteni sana. Na yule wa "nimekosea kutuma pesa, nirudishie"?

FundiSimu_Maweni
Asiamini meseji, aangalie salio kwa *334#. Meseji ya kweli hutoka MPESA, haitoki namba ya mtu. Hata kama pesa zimeingia kweli, asizirudishe kwa mkono: mwambieni aliyetuma apeleke meseji yake ya muamala kwa 456. Mkirudisha nyinyi, naye akaomba zirudishwe, mtakatwa mara mbili. Safaricom imetangaza kwamba huwapigia wateja kwa 0722 000 000 pekee. Meseji za utapeli zipelekwe 333, ni bure. Pini ya M-Pesa ikishatoka, pigeni 100 kutoka laini nyingine bila kungoja asubuhi, maana tapeli akimaliza salio huvuta na Fuliza (mkopo wa M-Pesa salio likiisha), na deni hilo linabaki kwa mama.

Kijana_wa_Malindi
Kuna watakaokwambia weka antivairasi. Sikatai, ila kwa simu hii shida kubwa ni faili za APK (za kusakinisha programu) zinazozunguka kwenye magrupu: "gemu ya bure", "mkopo wa haraka". Ingia mipangilio ya programu, tafuta ruhusa ya kusakinisha programu kutoka nje ya Play Store, uizime kwa WhatsApp na kwa Chrome. Programu yoyote inayoomba kusoma meseji bila sababu, ifute.

Wajukuu wakitaka gemu, tumia kile kipengele cha kubandika programu moja kwenye skrini, kitake pini kabla ya kutoka. Wataishia kwenye gemu, hawafiki kwenye M-Pesa.

Bi_Shela
Nyongeza: chagueni neno moja la nyumbani la kuulizana akipiga mtu kusema "mimi mwanao, nimepata ajali, nitumie kwa namba hii". Lisiandikwe kwenye WhatsApp. Asiyelijua, mama akate na kupiga namba ya zamani ya huyo mtoto.