Tupeane uzoefu: ukaguzi wa kitaalamu kabla ya kununua nyumba kongwe ya pwani

Mwana wa Kibokoni
Assalaam alaikum, na habari za jioni kwa wote. Leo nimepita kichochoro cha nyuma ya msikiti wetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, nikakuta nyumba ya ghorofa imeegemezwa magogo na mafundi wanapokezana ndoo za kifusi mkono kwa mkono. Aliyeinunua kutoka kwa warithi hajamaliza hata mwaka. Nikamkumbuka marehemu shangazi yangu, ambaye alikataa kutoa arubuni ya nyumba ya mtaa huo huo mpaka mhandisi aipitie, ingawa dalali alimwambia kwamba wanunuzi wengine wanangoja mlangoni.

Mhandisi yule alikuja na tochi, nyundo ndogo na bisibisi ndefu. Sebule iliyopakwa rangi hakuitazama sana. Alipanda moja kwa moja hadi chumba kilicho chini ya bafu la juu, akaomba ngazi, akaichomeka bisibisi kwenye boriti pale inapoingia ukutani, ikazama mpaka mpini. Boriti ya pili nayo ikazama. Ya tatu ilikuwa ngumu. Shangazi hakuiacha nyumba hiyo. Aliipata kwa bei iliyopunguzwa gharama ya kubadilisha boriti za chumba kile, na mpaka leo watoto wake wanaishi humo. Naomba walionunua, walioghairi na walioumia watueleze ukaguzi wao ulikuta nini.

Binti wa Pangani
Ni kweli kabisa, ndugu yangu. Ukuta uliopakwa rangi mpya kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno tu, huku juu ukiwa na rangi ya zamani, unatosha kumfanya mnunuzi asimame na kuuliza.

Nipo Maskati
Sisi tulio mbali ndio tunaoumia zaidi. Tunatumiwa video ya mlango wa kuchonga, ya baraza na ya bahari inavyoonekana kutoka juu ya paa, lakini hakuna anayeinua simu akatuonesha dari. Nilipotaka kununua nyumba Unguja, mtaa waliokaa wazee wangu, nilimwomba dalali ripoti ya ukaguzi wa jengo, naye akaniletea ripoti ya uthamini iliyotayarishwa kwa ajili ya mkopo wa benki. Mthamini kazi yake ni bei: anatazama eneo, ukubwa, mauzo ya jirani na hali ya jumla ya nyumba kwa macho. Hagongi lipu, hapimi unyevu wa ukuta, wala hapandi kuangalia kilicho juu ya dari ya mbao. Hizo ni kazi mbili tofauti zinazofanywa na watu wawili tofauti, na ninawasihi wenzangu wa ughaibuni wasikubali moja iwe badala ya nyingine.

Shangani Juu
Bwana wa Maskati, umenigusa mahali penye kidonda, kwa maana ripoti ya uthamini ndiyo karatasi pekee ya kitaalamu iliyokuwamo katika faili la nyumba ya kaka yangu pale Malindi, Unguja.

Nyumba ile ilikuwa na paa bapa la kizamani, yaani boriti za mikoko, juu yake mawe madogo ya matumbawe, na juu ya mawe sakafu nene ya chokaa. Wamiliki waliotangulia, kila paa lilipovuja, walimwaga tabaka la zege juu ya sakafu ile badala ya kutafuta maji yalikopenyea. Mwishowe wakaweka tangi la maji juu ya hayo yote. Kwa macho paa lilikuwa zuri, limesawazishwa na kupakwa rangi nyeupe, na kaka alikuwa akilisifu kwa kila mgeni.

Masika ya kwanza yalipopamba moto, mama aliamka usiku wa manane kwa sababu kitu kilikuwa kikidondoka juu ya chandarua chake. Hayakuwa maji. Ulikuwa mchanga mkavu, mwembamba, uliochanganyika na vipande vya chokaa, na tayari ulikuwa umefanya kilima kidogo katikati ya neti. Mama amezaliwa na kukulia katika nyumba za mawe, kwa hiyo hakumwita mtu aje kutazama. Aliwasha taa, akawanyanyua watoto mmoja mmoja, akatuamuru sote tushuke kama tulivyo. Tulikuwa kwenye ngazi tuliposikia boriti ya kwanza ikikatika, mlio mkavu kama wa kuni inayovunjwa gotini. Ya pili ikafuata, na kabla ya mtu kusema neno paa la chumba cha mbele likashuka lote pamoja na tangi, likatoboa sakafu ya ghorofa ya kwanza. Vumbi lilitoka madirishani kwa nguvu hata watu wa nyumba ya pili wakadhani ni moto. Tunamshukuru Mungu kwamba hakuna aliyefariki, lakini mpangaji wa chini aliumia bega na hajapona sawasawa.

Mhandisi tuliyemwita baadaye aliokota kipande cha boriti kwenye kifusi, akatuonesha. Katikati mti ulikuwa mwekundu na mgumu kiasi kwamba msumari ulikataa kuingia. Ncha yake, ile sehemu iliyokaa ndani ya ukuta ambayo hakuna mtu aliyekuwa akiiona, aliiponda kwa vidole viwili ikawa unga. Kisha akatupigia hesabu: zege lenye unene wa sentimita 10 lina uzito wa kilo 240 hivi kwa kila mita moja ya mraba, na tangi la lita 1,000 likijaa ni tani nzima. Mzigo huo uliongezwa juu ya sakafu ya chokaa ambayo yenyewe ilikuwa nzito tangu mwanzo.

Mkaazi wa Ng'ambo
Poleni sana. Nimesoma mara mbili na mwili umenisisimka. Je, muuzaji alilipa chochote?

Shangani Juu
Hakulipa. Mkataba wa mauziano ulisema nyumba inauzwa kama ilivyo, na kaka aliutia saini.

Mama Ufukweni
Huyo mama yenu apewe maua yake akiwa hai.

Fundi wa Chokaa
Poleni, na nimefurahi kwamba mama aliijua lugha ya nyumba. Hata hivyo sikubaliani na wanaosema kwamba dawa ni mhandisi tu. Nimezikuta nyumba nyingi zilizoharibiwa na ushauri wa wahandisi waliosomea zege na nondo peke yake. Wanaona ufa, wanaandika "pigeni lipu ya saruji". Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu kutoka ardhini na kuutoa kupitia lipu ya chokaa. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unakosa njia, unapanda juu zaidi, na chumvi inabaki ndani ikila ukuta kidogo kidogo. Baada ya miaka michache lipu yote inabanduka vipande vikubwa na mawe ya nyuma yanamomonyoka ukiyagusa. Fundi aliyechoma chokaa na kuzeeka na kuta hizi anajua zaidi ya mwenye cheti.

Mhandisi Tanga
Mzee wangu, kwa heshima zote, kuhusu lipu ya saruji umesema kweli na mimi mwenyewe huwaagiza wateja waiondoe. Lakini fundi mzuri hawezi kukupigia hesabu ya uzito kama ile aliyoandikiwa ndugu wa Shangani, wala haweki saini yake kwenye ripoti utakayoipeleka kwa wakili. Mhandisi aliyesajiliwa na bodi ya wahandisi ana mahali pa kushtakiwa akikudanganya. Wewe ukimwambia mteja "hii itakaa", naye paa likamwangukia, atakwenda kwa nani?

Fundi wa Chokaa
Atakuja kwangu nyumbani, kwa sababu ananijua, na baba yake alimjua baba yangu. Nyinyi mnaondoka na gari jioni.

Mhandisi Tanga
Hilo si jibu, mzee wangu.

Mwalimu Mstaafu, Bagamoyo
Wazee na vijana, naomba tuvumiliane. Tukumbuke Beit-al-Ajaib, jumba la Mji Mkongwe, Unguja, lililojengwa mwaka 1883 enzi za Sultan Barghash. Sehemu yake ilianguka tarehe 25 Desemba 2020 wakati matengenezo yakiendelea, na watu 2 walipoteza maisha. Nyumba hizi huficha udhaifu wake ndani ya kuta nene, kwa hiyo anayeweza kuwalipa wote wawili, fundi na mhandisi, awapeleke siku moja, kila mmoja aseme mbele ya mwenzake.

Mwana wa Kibokoni
Nakubaliana na mwalimu. Naomba sasa wenye ujuzi watuambie mnunuzi adai nini kichunguzwe, maana kuna wakaguzi wanaozunguka nyumba kwa nusu saa na kuandika kurasa mbili.

Mhandisi Tanga
Nianze na upana wa vyumba. Boriti ya mkoko ndiyo iliyoamua vyumba vya nyumba za kale viwe virefu na vyembamba, kwa sababu urefu inaoweza kuvuka kutoka ukuta hadi ukuta hauzidi sana mita 3. Ukiingia ukumbi mpana katika nyumba ya aina hiyo, ulizia ukuta uliokuwapo ulikwenda wapi na ni kitu gani sasa kinabeba sakafu ya juu. Nimeona kuta zilizobomolewa ili kupata mkahawa, na mzigo wote ukaachiwa chuma chembamba kilichokwisha kuota kutu.

Kisha tafuteni mabafu. Nyumba nyingi zimeongezewa mabafu ya ghorofani miaka ya karibuni, na bomba linalovuja taratibu juu ya boriti linaozesha bila doa lolote kuonekana, hasa kama chini yake pamewekwa dari ya mbao. Dai dari ifunguliwe angalau penye pembe.

Fundi wa Chokaa
Katika hilo tuko pamoja. Niongeze kwamba katika Mji Mkongwe na Mji wa Kale ukuta wa pembeni mara nyingi ni wa nyumba mbili, na ncha za boriti za jirani zimelala ndani ya ukuta unaouita wako. Paa la jirani likivuja, ukuta wako unaoza. Mkaguzi aombe ruhusa aingie na kwa jirani, na mnunuzi apeleke salamu mapema, kwa adabu.

Binti wa Pangani
Nendeni kutazama nyumba wakati wa masika, mvua ikinyesha. Hapo hakuna rangi inayoweza kuficha kitu.

Mzee wa Mtoni
Mimi ningeshauri kinyume chake. Nendeni wakati wa kaskazi, jua kali, ukuta unapokauka, kwa sababu ndipo chumvi inapojitokeza nje ikawa unga mweupe. Wakati wa mvua kila ukuta umelowa na hutajua ni upi mgonjwa.

Mama Ufukweni
Kama nyumba iko karibu na maji, ngojeeni bamvua. Kisima na shimo la choo vitakueleza ukweli siku bahari inapojaa kabisa. Halafu mtafuteni bibi yeyote aliyelelewa katika nyumba za mawe, mumkalishe sebuleni kidogo. Akisema pananuka, rudini nyumbani.

Kigamboni Pwani
Mmeongea sana kuhusu matumbawe, lakini nyumba za zege za miaka ya 1970 na 1980 zilizo ufukweni nazo ni kongwe sasa, na hali ya baadhi yake inatisha zaidi. Tuliitazama moja ambayo nguzo zake zilikuwa na nyufa zilizonyooka wima, zenye rangi ya kahawia. Mkaguzi alieleza kwamba chumvi imekifikia kile chuma cha ndani, nondo zimeota kutu, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, inalipasua zege kutoka ndani. Alishuku pia kwamba mchanga wa pwani ulitumika bila kuoshwa, akachukua sampuli kwenda kupimwa.

Jambo la pili alilolifanya, ambalo dalali hakulipenda hata kidogo, ni kutandika futi ya kupimia kutoka alama ya maji kujaa hadi barazani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inalinda eneo la mita 60 kutoka ufukweni, na sehemu ya mbele ya nyumba ilikuwa ndani ya eneo hilo. Hati ilikuwa safi, muuzaji alikuwa mtu mwema, na sisi hatukununua.

Mkaazi wa Ng'ambo
Na Unguja msisahau kupita Mamlaka ya Mji Mkongwe kabla ya kulipa, muulize ni matengenezo gani mtaruhusiwa. Ripoti inaweza kusema paa libadilishwe, kumbe namna mliyoipangia bajeti haikubaliki katika eneo la hifadhi.

Nipo Maskati
Ninalo swali moja kwa Mhandisi na Fundi. Muuzaji wangu wa sasa amekubali mkaguzi aingie, ila amekataa lipu itobolewe wala dari ifunguliwe, akisema ni uharibifu. Nifanye nini?

Shangani Juu
Usinunue, ndugu yangu.

Mhandisi Tanga
Kabla ya kufika huko, mwandikie ahadi kwamba tundu litakuwa la ukubwa wa kiganja, litatobolewa mahali mkaguzi atakapochagua, na litazibwa siku hiyo hiyo kwa gharama yako, ununue usinunue. Wauzaji wengi hulegea wakiona maandishi.

Fundi wa Chokaa
Nalo lizibwe kwa chokaa, si kwa saruji. Mwambie mkaguzi alitoboe chini ya bafu la juu, na la pili pembeni mwa paa, pale maji ya mvua yanapoelekea mdomo wa kopo, yaani mfereji unaoyamwaga nje ya paa. Akikubali hayo mawili, niandikie. Nipo Unguja mpaka mwisho wa mwezi na nitakwenda kuzishika boriti hizo kwa mkono wangu.