Je, goti bandia likandwe kwa maji ya moto?

Binti wa Pangani:
Habari zenu, ndugu. Mama yangu, mwenye umri wa miaka 67 na anayeishi na kisukari, aliwekewa goti bandia siku 12 zilizopita. Mshono umefunga vizuri, isipokuwa sehemu ya chini ambayo bado inatoa majimaji mepesi. Shangazi anasisitiza akandwe kwa maji ya moto yenye mwarobaini, kama akandwavyo mzazi, na jirani ameleta vidonge vya amoksilini vilivyobaki kwake. Nimekataa yote mawili, nikaonekana mjuaji. Je, nimekosea?

Muuguzi Mstaafu:
Hukukosea, mwanangu. Goti kuvimba na kuwa na joto kwa wiki kadhaa ni kawaida, lakini mshono ambao bado unavuja siku ya 12 haungojwi. Mrudishe kwa daktari aliyemfanyia upasuaji. Maji ya kukandia yangelowesha kidonda na kuviingiza vijidudu ndani. Vidonge vya jirani vina hatari isiyoonekana: vijidudu vikishafika kwenye chuma na plastiki ya goti bandia hujijengea utando unaonata ambao dawa huupenya kwa shida, kwa hiyo homa itashuka huku ugonjwa ukiendelea chini kwa chini, na maabara huenda ikashindwa kuviotesha vijidudu hivyo ili kuvitambua. Maambukizi yakiwahiwa, mara nyingi kiungo huoshwa na kipande cha plastiki pekee kubadilishwa. Yakikomaa, goti zima huweza kutolewa, na mgonjwa akasubiri wiki nyingi kabla ya kuwekewa jingine.

Goti la Chuma:
Naongeza habari ya sukari, kwa sababu upasuaji wangu uliahirishwa mpaka kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kiliposhuka chini ya asilimia 8. Sukari ikipanda sasa, kidonda kitachelewa kufunga, hivyo mpimeni kila siku. Shangazi naye asinyang'anywe kazi, amkande mabega.

Binti wa Pangani:
Ahsanteni sana. Daktari ametuita kesho asubuhi na kuagiza asipewe kiuavijasumu chochote, kama hiyo amoksilini, kabla ya kuchunguzwa. Je, jino lake bovu lina uhusiano wowote na goti?

Muuguzi Mstaafu:
Linao, kwa kuwa vijidudu vya usaha wa jino vinaweza kusafiri kwa damu hadi kwenye kiungo bandia, hata baada ya miaka. Kwa kawaida hutibiwa kabla ya upasuaji. Mtajieni daktari kesho, ili apange na daktari wa meno.