Kikundi cha familia: Safari ya theluji na Bibi

JUMAMOSI

Shangazi, 19:42
Hamjambo wapendwa. Shikamoo Mama. Zimebaki wiki tatu. Viza zimetoka, tiketi za treni nimeshakata, na nyumba ya kufikia kule Zermatt, kile kijiji cha milimani Uswisi, imethibitishwa. Leo naomba tuzungumzie mabegi, kila mtu aseme ana nini na amekosa nini.

Bibi, 19:44
Marahaba mwanangu. Nipo nasoma.

Salma, 19:45
Shikamoo Bibi, shikamoo Shangazi, shikamooni wote.

Baba Mdogo, 19:51
Dada, mimi nimeshamaliza. Nimepata koti zito, linafika magotini. Ndani fulana, chini jinzi. Na soksi nimeweka jozi kumi.

Shangazi, 19:53
Soksi za pamba?

Baba Mdogo, 19:53
Za pamba, ndiyo.

Shangazi, 20:06
Kaka, koti hilo lete, tutalihitaji. Jinzi na pamba ziache nyumbani. Naandika kwa kirefu kwa sababu hili ndilo jambo ninalolijali kuliko yote kwenye safari hii.

Kinachoumiza watu kule si baridi peke yake, ni baridi ikikukuta umelowa. Utatoka stesheni unavuta begi kwenye theluji, njia inapanda kidogo, na hata kukiwa nyuzi 5 chini ya sifuri utatoka jasho. Fulana ya pamba inalinywa jasho lote na kukaa nalo. Ukisimama dakika tano tu, lile jasho linapoa mgongoni, na koti zito lililo juu halikusaidii kitu, maana ubaridi uko ndani tayari.

Kwa hiyo tunavaa tabaka. Inayogusa ngozi iwe sufu laini au poliesta, juu hadi chini, ibane mwili kiasi. Ya katikati ni ya kushika joto: sweta la sufu au la flisi, kile kitambaa laini chenye manyoya, na kwa anayesikia baridi upesi, kijikoti chepesi cha manyoya ya bata. Ya nje kazi yake ni kuzuia upepo na theluji, basi. Joto linashikwa na hewa iliyonaswa kati ya nguo, ndiyo maana nguo tatu nyepesi zinashinda moja nzito. Na ukianza kuhisi joto, fungua zipu pale pale, usingoje jasho.

Baba Mdogo, 20:09
Na jinzi kosa lake nini?

Shangazi, 20:10
Ni pamba. Tunu akikurushia theluji, ikayeyuka magotini, baada ya robo saa suruali inakuwa ngumu kama ubao na imekugandia mwilini. Tafuta suruali ya nje isiyopitisha maji, ndani yake ile ndefu ya sufu.

Salma, 20:21
Baba Mdogo, mimi nimejaribu mchana. Nimelowesha fulana mbili, moja ya pamba na moja yangu ya kukimbilia ya poliesta, nikazikamua na kuzianika chumbani pamoja. Baada ya saa mbili ya poliesta ilikuwa kavu. Ya pamba nimeishika sasa hivi, pindo la chini bado linatoa maji ukilikamua. [picha]

Baba Mdogo, 20:24
Nimeona. Haya, fulana nazibadilisha.

Idi, 20:30
Mimi naongezea kwa yaliyonikuta. Shangazi aliponipeleka mara ya kwanza nilikuwa na miaka tisa. Nilivaa soksi za pamba, jozi mbili, na buti zikanibana. Tulicheza asubuhi nzima. Kwanza vidole vya miguu viliniuma, halafu maumivu yakaisha, nikafurahi nikidhani vimepata joto. Kumbe vilikuwa vimekufa ganzi. Shangazi aliponivua vilikuwa vyeupe kama nta ya mshumaa.

Shangazi, 20:33
Sitasahau. Mama mmoja mtu mzima, hatujuani hata kwa salamu, alikaa chini pale kwenye benchi, akafungua koti lake na kuziweka nyayo za mtoto kwenye tumbo lake, ngozi kwa ngozi. Hakusugua. Mimi nilitaka kusugua, akanishika mkono. Kusugua kunachubua nyama iliyoganda, na kupaka theluji ndiyo balaa zaidi. Rangi ilirudi taratibu, na mtoto alilia sana iliporudi.

Kwa hiyo nawaomba: mtoto akisema "haviumi tena," ndipo mumvue viatu mwangalie.

Mama Tunu, 20:35
Wifi, mwili umenisisimka. Tunu nimfungie nini basi? Ana miaka sita na glavu hakai nazo.

Shangazi, 20:41
Zile glavu ambazo vidole vinne vinakaa pamoja na gumba peke yake, ndizo zenye joto, maana vidole vinapashana. Jozi mbili, moja ikilowa ibaki nyingine. Ziunge kwa kamba ndefu inayopita mikono yote miwili ya koti, akizivua zinaning'inia tu. Skafu ndefu usimvalishe, inanasa kwenye vyuma. Mpe ile ya mviringo ya kuingiza kichwani. Soksi za sufu jozi nne, na nguo kamili ya kubadili uibebe wewe kwenye begi la mgongoni, ndani ya mfuko wa plastiki.

Mama Tunu, 20:42
Nimeandika yote wifi. Asante.

Bibi, 20:50
Mimi buti nimezivaa humu ndani tangu alasiri, na soksi mbili kama alivyonionyesha jirani. Kidole kikubwa kinagusa mbele.

Shangazi, 20:52
Mama, vua soksi moja. Buti ikibana damu haipiti vizuri, na mguu usiopata damu hauna joto hata uuvishe nini. Vaa soksi moja nene ya sufu, kisha jaribu kuvichezesha vidole.

Bibi, 20:58
Vinacheza. Nimetembea hadi mlangoni na kurudi.

Shangazi, 20:59
Endelea kuzivaa kila siku saa moja, Mama, zikuzoee. Nimekupatia na minyororo midogo ya mpira na chuma ya kuvalisha soli, mkongojo wako nao nitautia ncha ya chuma. Kinachoangusha watu pale kijijini ni barafu nyembamba ya asubuhi iliyokaa kama kioo.

JUMAPILI

Idi, 08:15
Habari za asubuhi. Nimekaa na hesabu ya baridi. Zermatt iko mita 1,608 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Gornergrat, tunakopanda na ile treni yenye gurudumu la meno linaloshika reli, ni mita 3,089. Kwa wastani unapoteza nyuzi kama 6.5 kwa kila mita 1,000, hivyo kijijini kukiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, juu kunakaribia 15 chini. Na hapo bado upepo. Nyuzi 10 chini ya sifuri zikipata upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inazisikia kama 20 chini.

Mama Tunu, 08:19
Na watu wanakaa huko juu?

Idi, 08:22
Kuna jengo la kujisitiri, na treni hiyo inapanda tangu mwaka 1898. Siku ikiwa safi unauona Matterhorn wote mbele yako, mita 4,478, umesimama peke yake.

Bibi, 08:30
Ndio mlima nilionao kwenye kalenda. Huo nataka kuuona kwa macho yangu.

Baba Mdogo, 08:36
Mama, na presha yako? Dada, hili tulizungumze wazi. Mita 3,000 si mchezo.

Shangazi, 08:48
Ni kweli kaka, na nimeliwaza usiku. Kule juu kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu theluthi moja ukilinganisha na usawa wa bahari. Mwinuko huanza kusumbua baadhi ya watu kuanzia kama mita 2,500: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi kukataa. Kwa hiyo napendekeza hivi. Mama amwone daktari wake wiki hii, amtajie mita zenyewe, 3,089, asiseme "mlimani" tu. Akiruhusiwa, tunalala kijijini siku mbili kwanza tukitembea taratibu. Ya tatu tunapanda na treni, tunakaa saa moja, tunashuka kulala chini. Yeyote atakayeumwa kichwa na kutapika kule juu, tunashuka naye hapo hapo. Dawa yake ya kwanza ni kushuka.

Bibi, 08:55
Daktari nitamwona kesho kutwa. Akikataa nitakaa kijijini na Tunu, theluji ipo na huko. Akikubali, napanda.

Baba Mdogo, 08:57
Hapo nimeridhika Mama.

Salma, 09:02
Baba Mdogo, na insulini yako?

Baba Mdogo, 09:04
Nilidhani baridi ni nzuri kwake, si huwa inakaa kwenye friji?

Shangazi, 09:10
Friji haigandishi, kaka. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka ukaiona ni ile ile, usiitumie. Isikae begi linaloingia tumboni mwa ndege, wala mfuko wa nje wa koti. Iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kipimo cha sukari nacho kikae ndani hivyo hivyo, kinasumbua kikipoa. Chukua barua ya daktari na ugawe insulini yako mafungu mawili: nusu ubebe wewe, nusu akubebee mkeo.

Mama Tunu, 09:12
Nusu yangu nimeshaitengea kimfuko.

Idi, 09:20
Simu pia zikae ndani. Betri ikipoa inashuka kutoka asilimia arobaini hadi kuzima mara moja. Pawabenki lazima ziwe kwenye begi la mkononi, shirika la ndege haliruhusu ziende na mizigo. Plagi za Uswisi ni za aina yake, ila chaja nyembamba za pini mbili za mviringo zinaingia. Na mwenye kamera, ukitoka nje kuingia ndani ifunge kwanza kwenye mfuko wa plastiki uliobana, uiache ipate joto humo, la sivyo mvuke unatanda mpaka ndani ya lenzi.

Mama Tunu, 09:31
Wifi, mafuta ya jua tunabeba kweli? Jua la baridi?

Shangazi, 09:40
Kabisa. Mionzi inayounguza inaongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya inarudisha hadi asilimia 80 ya mionzi hiyo usoni, kutoka chini. Unaungua chini ya kidevu na ndani ya pua. Hata mwenye ngozi nyeusi anaungua, na macho hayachagui rangi. Miwani ya jua kwa kila mtu, na ya Tunu iwe ya kweli, si ya kuchezea. Macho yakiunguzwa na theluji hayaumi muda ule. Usiku ndipo unahisi mchanga umejaa ndani. Na mafuta ya midomo, kila mtu yake.

Salma, 09:44
Shangazi, na bima?

Shangazi, 09:49
Ya viza kila mtu anayo, ile ya euro 30,000. Nimeongeza inayolipia uokoaji mlimani, maana helikopta haiingii kwenye kila bima. Wekeni namba hizi kwenye simu na kwenye karatasi: 144 gari la wagonjwa, 1414 helikopta ya uokoaji, 112 dharura yoyote. Tutapita kwenye njia za miguu za majira ya baridi tu, vibao vyake ni vya waridi. Njia ikifungwa kwa hofu ya maporomoko ya theluji, tunageuza, hata kama tumebakiza hatua mia.

Idi, 09:50
Sawa kabisa.

Shangazi, 09:58
Jambo la jioni: viatu vikilowa msivibandike kwenye hita, gundi inaachia na ngozi inapasuka. Toeni soli za ndani, shindilieni magazeti, badilisheni kabla ya kulala. Kwa hiyo kila mtu abebe magazeti mawili matatu, yanafaa pia kulinda vitu begini.

Bibi, 10:20
Nina tatizo moja ambalo sikutaka kulisema. Koti langu ni zuri, lakini zipu yake ndogo. Nikivaa glavu siipati, nikivua vidole vinakakamaa. Nimejaribu mara nne asubuhi hii. Umesema tufungue kabla ya jasho. Mimi nitashindwa kufungua.

Salma, 10:23
Bibi usihangaike, nakuja mchana. Nitafunga utepe mnene kwenye kila zipu, ya koti, ya mfuko na ya begi, wenye fundo kubwa mwishoni la kukamata.

Shangazi, 10:24
Salma, Mungu akubariki. Fanya na ya Tunu.

Baba Mdogo, 10:25
Na yangu ile ya magotini, tafadhali.

Salma, 15:37
Nimeshamaliza za Bibi. Utepe mwekundu, urefu wa kidole, fundo mbili. [picha]

Bibi, 15:52
Salma ameondoka. Nimevaa tabaka zote tatu, na glavu. Nimefunga zipu hadi shingoni, nikaifungua, nikaifunga tena, peke yangu.