Amezisukuma karatasi zangu kwa kalamu!

Wakuu, nimetoka benki, nilikokwenda kufungua akaunti, dakika ishirini zilizopita, nimesimama kituo cha tramu hapa Leipzig, na mikono bado inanitetemeka, wala si kwa baridi. Benki yenyewe sina haja ya kuitaja, kwa kuwa kila Mtanzania aliyesoma mji huu ameshafukuzwa pale walau mara moja, na yule mama wa dirisha la pili mnamfahamu kuliko mnavyowafahamu wajomba zenu.

Leo Jumatano, saa sita kasoro dakika kumi, nimemkabidhi pasipoti, cheti cha usajili wa makazi nilichokipangia foleni tangu alfajiri, barua ya chuo na mkataba wa chumba. Ameviangalia kwa mbali, akachukua kalamu, na kwa ncha ya kalamu hiyo akazisukuma karatasi zangu moja baada ya nyingine mpaka zikanirudia, kama mtu anayeondoa mende mfu mezani. Si kwa mkono, wakuu. Kwa kalamu.

Eti kadi yangu ya ukaazi haijatoka. Nimemweleza, kwa Kijerumani changu cha kuombea maji, kwamba viza imo ndani ya pasipoti na kwamba kadi huchukua wiki kadhaa kuchapishwa huko Berlin. Pasipoti hakuifungua, labda alidhani imefungiwa dagaa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba fedha ninazo. Ili nipewe viza nililazimika kuweka euro 11,904 katika akaunti iliyofungwa, nusu ikiwa ni ng'ombe wa babu na nusu mchango wa ukoo mzima, nazo hutolewa euro 992 kila mwezi, lakini hazitoki hata senti mpaka niwe na akaunti ya kawaida ya kuzipokelea. Kwa hiyo mimi ni mtu mwenye zaidi ya shilingi milioni thelathini ambaye jana usiku amekula wali kwa chumvi. Mwenye nyumba anataka kodi ipitie benki, watu wa bima ya afya wanataka namba ya akaunti, na yule mama anataka nitoweke.

Nyuma yangu alikuwapo mzee na mbwa wake. Mbwa ameona aibu. Narudia: kwa kalamu.

Mchuuzi wa Karafuu: Pole sana, mkuu. Ilikuwa kalamu ya wino au ya risasi? Mimi mwaka juzi alinisukumia kwa rula.

Binti Pangani: Mtu anayeingia benki ya Kijerumani Jumatano, dakika kumi kabla hawajafunga, tena bila miadi, ashukuru kwamba zimesukumwa karatasi na si yeye mwenyewe.

Wakili wa Kijiweni: Tuweke mzaha pembeni kidogo. Kwa sheria ya akaunti za malipo iliyoanza kutumika Ujerumani mwezi Juni 2016, kila anayeishi kihalali katika Umoja wa Ulaya, hata mwomba hifadhi, ana haki ya akaunti ya msingi, ambayo wao huiita Basiskonto. Jaza fomu yake rasmi, uikabidhi, nao wanapaswa kukushughulikia ndani ya siku kumi za kazi. Wakikataa, peleka malalamiko BaFin, wasimamizi wa mabenki.

Mleta mada: Nashukuru sana, wakili, lakini fomu hiyo nitamkabidhi nani? Yeye. Na ataipokea kwa nini? Kwa kalamu.

Msafiri wa Leeds: Nyinyi wa Ujerumani mnadeka. Huku Uingereza serikali yenyewe imeacha kutoa kadi za plastiki za ukaazi na kutuhamishia kwenye viza ya mtandaoni, lakini kijana wa benki ameniambia, uso mkavu, nikalete kadi. Nilipomwonyesha msimbo kutoka tovuti ya serikali yake mwenyewe, aliniuliza kama ninao wa plastiki.

Mzaliwa wa Houston: Afadhali yenu nyote. Mimi nilizaliwa Marekani baba akiwa masomoni, nikarudishwa Moshi nikiwa na miezi minane, na kwa sababu ya sheria yao ya 2010 iitwayo FATCA, benki mbili za huku Ulaya zimenikimbia mara tu ziliposoma mahali nilipozaliwa, kwa kuwa hazitaki kazi ya kuniripoti kwa watu wa kodi wa Washington.

Binti Pangani: Yaani una pasipoti ya Marekani na umekuja kulia humu pamoja nasi? Tubadilishane leo hii.

Mleta mada: Wakili, fomu hiyo inapatikana wapi?

Mchuuzi wa Karafuu: Ndugu wa Houston, atakayeolewa na wewe naye ataripotiwa? Nauliza kwa sababu nina mpwa wangu hajaolewa.

Mzaliwa wa Houston: Tukifungua akaunti ya pamoja, hiyo itaripotiwa. Akiwa na yake peke yake hawana habari naye. Huyo mpwa yuko mji gani?