Kiwanja cha sheli ya zamani: nani analipia kupima udongo kabla hatujanunua?

MamaMchicha
Wakuu habari za humu. Tuko Columbus, Ohio, kikundi cha akina mama na wazee wachache, wengi tumetoka Kongo na Burundi, tunalima mchicha na matembele nyuma ya nyumba za watu. Sasa tumepata kiwanja cha kununua kabisa, bei chee mpaka tunaogopa. Zamani kilikuwa sheli, pampu zimeng'olewa ila zege bado ipo na nyuma kuna bomba limechomoza kwenye nyasi, halafu jirani yake palikuwa na drai klina. Mwenye nacho anasema tusaini mwezi huu la sivyo anampa mtu mwingine. Kampuni ya vipimo tuliyoiuliza ikataja dola elfu kadhaa za hatua ya kwanza tu na hata kuchimba hawachimbi! Nasikia serikali ina hela za kupima viwanja vya hivi, kweli au stori? Tumesajiliwa, tuna 501(c)(3), yaani shirika lisilo la faida.

fundi_udongo
Dada usisaini kwanza. Hela zipo, ni mpango wa EPA, shirika la mazingira la serikali kuu ya Marekani, unaitwa Brownfields (viwanja vinavyohofiwa kuwa na sumu), na majaribio yake ya kwanza yalifanyika hapohapo Ohio, kaunti ya Cuyahoga, 1993. Sheria yake ikapita 2002, halafu sheria ya miundombinu ya 2021 ikauongezea dola bilioni 1.5.

Ila ile ruzuku ya kupima inayofika dola 500,000 ni ya kushindania na makaratasi yake ni balaa, kwa kiwanja kimoja msihangaike nayo. Piga simu jiji au kaunti uliza kama wana hela ya upimaji ambayo haijaisha, wakiwa nayo wanaweza kukiingiza kiwanja chenu. La sivyo kuna Targeted Brownfields Assessment, hapo EPA inamtuma mkandarasi wake na kumlipa yenyewe, nyinyi hamshiki hata senti. Ohio EPA, shirika la mazingira la jimbo, nao wana ya kwao. Mkikwama kwenye fomu kuna vyuo vinavyolipwa na EPA kusaidia jamii bure, Kansas State University ni kimojawapo.

Hilo bomba sasa, mara nyingi ni la kupumulia tangi, maana yake tangi linaweza kuwa bado liko chini. Rekodi za matangi Ohio ziko BUSTR, chini ya ofisi ya zimamoto ya jimbo, waulize kama lilifungwa kihalali.

MamaMchicha
Asante sana. Sasa hiyo hatua ya kwanza, wanaiita fezi 1, kama hawachimbi wanapima nini?

fundi_udongo
Hawapimi, wanachunguza historia. Ramani za zamani za bima ya moto, rekodi za serikali, wanatembea kiwanjani, wanahoji wenye mali na majirani. Wakiona dalili ndiyo inakuja fezi 2, wanatoboa na kupeleka udongo na maji ya chini maabara. Na fezi 1 ni kinga yenu pia. Kwa sheria ya Superfund ya 1980, ya kusafisha ardhi yenye sumu, ukimiliki ardhi yenye sumu unaweza kudaiwa gharama za kusafisha hata kama aliyemwaga ni mtu mwingine. Mafuta ya petroli yana utaratibu wake mbali, lakini dawa ya drai klina imo kwenye sheria hiyo. Ili usalimike lazima uwe umechunguza KABLA ya kununua, na sehemu kubwa ya ripoti isizidi siku 180 mpaka siku ya kununua. Ukinunua leo ukapima kesho imekula kwako.

JumaDayton
Mnamtisha mama wa watu bure. Serikali mtaisubiri mpaka mzeeke, wekeni matuta ya mbao, nunueni udongo safi, limeni. Watu kibao wanafanya hivyo

fundi_udongo
Juma matuta yanasaidia kama shida ni madini ya risasi (lead) kwenye udongo wa juu, sikatai. Lakini tangi likiwa limeoza chini mwenye tangi ni nani baada ya kusaini? Na wakijenga kibanda hapo, mvuke wa ile dawa ya kufulia unapenya mpaka ndani.

mtoto_wa_kisauni
Mimi wa Mombasa, sumu ya ardhini si mzaha. Pale Owino Uhuru watu walikaa ukuta kwa ukuta na kiwanda cha kuyeyusha betri, risasi ikaingia kwenye damu ya watoto, mahakama ikaamuru fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020 na baada ya hapo ikawa rufaa juu ya rufaa. Nyinyi mna ofisi ya kupigia simu kabla hamjaingia, pigeni. Na mama, mwambie muuzaji muandikiane kwamba mtanunua majibu yakitoka safi, na awape ruhusa ya maandishi watu waingie kupima.

MamaMchicha
Mrejesho: jiji wamepokea vizuri, wameomba anwani na namba ya kiwanja. Muuzaji ndio kagoma, hataki mtu aingie kutoboa, eti tukitaka tununue kama kilivyo.

fundi_udongo
Bila ruhusa ya mwenye mali hakuna atakayetoboa hapo, hata EPA. Mwache na kiwanja chake. Ukirudi jijini uliza ofisi ya land bank, inayoshika viwanja vilivyoachwa, wana viwanja vitupu wanavyokodisha kwa bustani za jamii, na hapo wa kutoa ruhusa ya kupima ni jiji lenyewe.