Mjadala: Tamthilia za vijana wasomi zinatuvunjia ndoa, au zinatukwepa?

Wadau, naileta hoja hii tuijadili kwa heshima. Hapa Kisumu, ukikaa kwenye kamati ya harusi au hata matangani, hutakosa mzee au mchungaji anayezilaumu tamthilia za runinga zinazohusu vijana wenye ajira nzuri. Mnazijua: marafiki watatu au wanne, mmoja kaachwa na mume, wa pili anapigania cheo ofisini, wa tatu hataki kusikia habari ya kuolewa. Lawama ni kwamba zinawafundisha mabinti kufungasha virago kabla mahari haijamalizika kulipwa. Wapo pia wanaozitetea kwa nguvu, wakisema ndizo zilizowafungua macho wanawake waliokuwa wakivumilia vipigo kimya kimya.

Msimamo wangu ni huu: sioni ndoa iliyovunjwa na tamthilia. Kosa ninaloliona ni lingine, nalo linaniuma zaidi. Nyingi zinatuonyesha urafiki usio na deni na ndoa isiyo na shamba wala ukoo. Watu wawili wamo ndani ya fleti Nairobi, na shida yao yote imejaa mioyoni mwao tu.

Chukueni Single Kiasi iliyotoka Showmax mwaka 2022. Ni habari ya wanawake watatu Nairobi, na imetoholewa kutoka tamthilia ya Afrika Kusini iitwayo Unmarried. Sina ugomvi nayo. Waigizaji wetu wamepata kazi, na wameifanya vizuri. Lakini hadithi inayoweza kuhama kutoka nchi moja hadi nyingine, ikabadilishiwa majina na lugha ikaendelea kueleweka, ni hadithi ambayo mizizi yake haikushika sana ardhi ya mahali.

Huku kwetu mambo yameshika ardhi. Muuguzi wa Kisumu, mwalimu wa Kakamega, afisa wa kaunti kule Nakuru: urafiki wao hupimwa kwenye fomu ya mkopo wa sacco. Sacco nyingi hukukopesha hadi mara tatu ya akiba yako, ila sharti wenzako waweke sahihi kukudhamini. Unamdhamini kwa sababu mlisoma pamoja Maseno, mlipanga chumba kimoja, na alisimama nawe mama yako alipolazwa. Kisha anapata nafasi ya kwenda kuuguza Uingereza, maana tangu 2021 kuna mkataba wa serikali hizi mbili kuhusu wahudumu wa afya. Akifika huko, kodi na baridi vinamzidi, anaacha kulipa. Sacco haitamfuata London. Itakata akiba za wadhamini. Basi mabinti walioshona sare moja kwa harusi ya mwenzao hawajibiani hata salamu, mmoja anahama kanisa, na watoto wao wanaambiwa wasichezee kwa fulani. Hapo pana urafiki, kazi na ndoa katika fomu moja, kwa sababu waume nao wanauliza hizo pesa zilienda wapi. Mimi sijaona tamthilia iliyoligusa hili kwa uzito wake.

Tuje kwenye ndoa yenyewe. Kwa Wajaluo, mwanamume asiye na nyumba katika boma la babake husemwa, na siku ya msiba wake itaulizwa atalazwa wapi. Kwa hiyo mke, ambaye ana mshahara, anachukua mkopo na wanajenga nyumba ya mawe Siaya. Hati ya shamba bado ina jina la babu aliyekwishafariki. Miaka inapita, ndoa inashindikana. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inatambua mchango usio wa fedha: kulea watoto, kazi za nyumbani, kulima, hata ule usuhuba wa mke na mume. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mali inayoshikiliwa kwa amana chini ya mila, yaani kwa niaba ya ukoo, si mali ya ndoa. Na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilitamka kwamba kuoana pekee hakumpi mtu nusu ya mali. Lazima athibitishe alichochangia. Huyu dada ana risiti zote za saruji na mabati, na nyumba imesimama juu ya shamba la ukoo. Mama mkwe ni mtu mwema. Mume si mlevi wala si mpigaji. Hakuna mwovu wa kuzomewa, na bado mtu anaondoka akiwa na makato ya mkopo kwenye mshahara wake.

Ndiyo maana siwaungi mkono moja kwa moja hata wale wanaozisifu kwa kuwakomboa wanawake. Kwenye runinga, kuondoka katika ndoa ni kubeba sanduku na kuingia garini. Binti anayezitazama akiwa Nyalenda hapa Kisumu au Bungoma anaambiwa kuwa ujasiri unatosha. Hautoshi.

Najua litakalojibiwa: watu huwasha runinga wapumzike, hawataki kuona mikopo na mashamba. Wenye jibu hilo wakumbuke kesi ya wakili S. M. Otieno. Alifariki Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka azikwe kwenye shamba lao la Matasia, Ngong; ukoo wa Umira Kager ukashikilia arudishwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilipanda hadi Mahakama ya Rufaa, na mpaka alipozikwa Nyalgunga Mei 1987, nchi nzima ilikuwa ikiifuatilia kila hatua. Msomi wa mjini, ndoa ya Mjaluo na Mkikuyu, ukoo, na ardhi ya kuzikia. Nani alisema Wakenya huchoshwa na habari za namna hiyo?

Wengine watataja gharama, kwamba vituo na watangazaji wa biashara wako Nairobi. Ni kweli, lakini hilo ni suala la bajeti, na waandishi wa huku wenye hadithi hizi hawajakosekana.

Kwa hiyo nauliza, na ningependa kuwasikia kwanza waliowahi kumdhamini rafiki akawaponyoka, na waliojenga kwenye boma la wakwe. Hadithi yako ikiigizwa bila kutaja jina lako, ungetaka ianzie siku uliyoweka sahihi, au siku uliyoenda kudai? Na wewe unayeamini kuwa tamthilia zinavunja ndoa, tueleze ndoa unayoijua iliyovunjika hivyo, na kama hapakuwa na deni nyuma yake.