Mrejesho: htmlspecialchars() kurudisha stringi tupu

Wakuu, mrejesho wa swali langu: baada ya kuhama kutoka PHP 5.3 kwenda 7.4, kwa nini maandishi yenye neno kama "café" yanapotea mazima kwenye ukurasa bila ujumbe wowote wa kosa?

Chanzo ni chaguo-msingi la usimbaji, yaani namna herufi zinavyohifadhiwa kama baiti. Hadi 5.3, htmlspecialchars() (inayogeuza alama kama < na & ili zionyeshwe salama kwenye HTML) ilichukulia kila kitu ni cha usimbaji wa ISO-8859-1. Toleo la 5.4 likabadili kuwa UTF-8, na tangu 5.6 inafuata default_charset ya php.ini (faili la mipangilio ya PHP), ambayo nayo kwa kawaida ni UTF-8. Faili letu la CSV lilihifadhiwa kwa Windows-1252, ambamo é ni baiti moja, E9. Kwenye UTF-8 ni mbili, C3 A9. htmlspecialchars() ikikuta baiti moja tu isiyo halali kwa UTF-8, kama E9 hiyo, hairuki herufi hiyo peke yake, inatupilia mbali stringi (maandishi) nzima. Kimya kimya!

Dawa: mb_convert_encoding($s, 'UTF-8', 'Windows-1252') wakati wa kusoma faili, mara moja tu, maana ukirudia utapata "cafÃ©". Kisha htmlspecialchars($s, ENT_QUOTES | ENT_SUBSTITUTE, 'UTF-8'). ENT_SUBSTITUTE inaweka � palipoharibika, angalau kosa linaonekana. Kuanzia 8.1 ENT_SUBSTITUTE imo tayari kwenye chaguo-msingi.

Chaguo jingine, ENT_IGNORE, nimeliacha: linafuta baiti mbovu, na nyaraka za PHP zenyewe zinaonya kuhusu usalama.